Mayatima wa Baghdad na Vijana wa Phoenix: Habari ya Chombo Kizamacho Pasipo Mtu



Bahari ni pana kuliko nchi kavu, na sehemu yake tunayoiona ni ya juu tu. Mzamiaji hodari huvuta pumzi, akashuka, akaokota alichojaaliwa, akarudi juu kabla pumzi haijamwisha. Na kila anaposhuka mita 10, maji humkandamiza kwa nguvu nyingine iliyo sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo tangu zamani wenye akili wamejiuliza: je, haiwezekani mkono ukashuka chini, na mwenye mkono akabaki juu?

Kutokana na swali hilo kimezaliwa chombo ambacho siku hizi watu hukiita droni ya chini ya maji. Ni chombo kisichopandwa na mtu, chenye kamera na mikono, kinachoongozwa kutoka juu. Wengi hudhani kuwa kazi hii ni ya majeshi na makampuni makubwa tu. Sivyo. Na ndani ya habari yake mna jambo zito kuliko chombo chenyewe, nalo ni hali ya mtoto mwenye kipaji asiyekuwa na mtu wa kumshika mkono.

Watoto wa Musa bin Shakir

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, walikuwapo ndugu watatu: Muhammad, Ahmad na Hasan, watoto wa Musa bin Shakir. Wanahistoria wengine husimulia kuwa baba yao katika ujana wake alikuwa mnyang'anyi wa njiani katika nchi ya Khurasan, kisha akageukia ilimu ya nyota na kuwa karibu na al-Ma'mun. Alipofariki, watoto wake walikuwa bado wadogo. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, aliwachukua mayatima hao akawatia mahali pa kusoma, katika Bayt al-Hikma.

Mayatima wale wakawa mabingwa wa hesabu na ufundi. Kiasi cha mwaka 850 walitunga kitabu cha vyombo vya ajabu, Kitab al-Hiyal, kinachoeleza vyombo kiasi cha 100 pamoja na michoro yake. Kimoja ni cha kumsaidia mtu kupumua anapoingia katika kisima chenye hewa mbaya. Kingine ni vipande viwili vya shaba vinavyofungana mfano wa ganda la chaza. Huteremshwa kwa minyororo vikiwa wazi, na vikifika chini hufungwa, vikashika kitu kilichozama, kisha vikavutwa juu. Huo ndio mkono ulioshuka, na mwenye mkono akabaki juu!

Zama za majeshi

Ikapita zaidi ya miaka elfu. Katika mwezi wa Januari 1966 ndege mbili za jeshi la Marekani ziligongana angani karibu na Palomares, Uhispania, na bomu moja la nyuklia likaanguka baharini. Mwezi wa Aprili mwaka huo lilitolewa katika kina cha zaidi ya mita 800 kwa msaada wa chombo kiitwacho CURV, kisicho na mtu ndani, kinachoongozwa kwa waya. Mwaka 1973 watu wawili walinaswa ndani ya chombo cha kuzamia kiitwacho Pisces III katika bahari ya Atlantiki, kusini-magharibi ya Ireland, hewa ikiwa karibu kuwaishia. CURV III kilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyoteremshwa kufunga kamba za kuwavutia, na wote wawili wakatoka hai.

Lakini vyombo hivyo vilikuwa vya gharama kubwa mno. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1997, Harry Bohm na Vickie Jensen walipotoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujitengenezea chombo cha namna hiyo. Na mwaka 2002 yalianza mashindano ya wanafunzi chini ya kituo cha MATE cha California.

Namna kinavyotengenezwa

Pengine msomaji atauliza: fundi wa nyumbani ataanzaje? Mwili wa chombo huundwa kwa mabomba ya plastiki yale yale ya maji ya nyumbani, yakaunganishwa kwa viungo na gundi. Nguvu ya kwenda hutoka katika pampu ndogo za umeme zitumikazo kutoa maji katika ngama ya mashua. Pampu hizo huondolewa kifuniko na kuwekwa pangaboi. Mbili humpeleka mbele na kumgeuza, na moja humpandisha na kumshusha.

Kisha huja mizani. Chombo kikiwa chepesi kitaelea, na kikiwa kizito kitazama kama jiwe. Fundi hufunga maboya juu na uzito chini, akaongeza na kupunguza kidogo kidogo, mpaka chombo kikikaa katikati ya maji kitulie palepale. Maboya yakiwa chini na uzito juu, chombo kitapinduka.

Waya nao hauepukiki, kwa sababu mawimbi ya redio hayapiti mbali ndani ya maji. Amri hushuka kwa waya, na picha hupanda kwa waya. Adui mkubwa kuliko wote ni tone la maji linaloingia palipo na umeme. Tone moja huweza kuharibu kazi ya miezi.

Vijana wanne wa jangwani

Mji wa Phoenix, katika jimbo la Arizona, umo jangwani, mbali na bahari. Katika skuli ya Carl Hayden, iliyomo katika mtaa wa watu wenye kipato kidogo, walikuwapo vijana wanne: Oscar Vazquez, Cristian Arcega, Lorenzo Santillan na Luis Aranda. Walizaliwa Mexico na kuletwa Marekani wakiwa wadogo, bila ya hati za kukaa. Waalimu wao wawili, Allan Cameron na Fredi Lajvardi, waliwatia hamu ya kuingia katika mashindano ya mwaka 2004, tena katika daraja la vyuo vikuu. Walisema kuwa kushindwa na wakubwa hakuna aibu.

Walikusanya kiasi cha dola 800. Wakanunua mabomba ya plastiki na gundi, wakafunga mota ndogo za mashua ya mvuvi, na vyombo vya umeme wakavitia ndani ya sanduku lisiloingia maji. Gundi ilinuka sana, hata wakakiita chombo chao Stinky, yaani Mnuko. Wasichokijua walikiuliza: waliwapigia simu mafundi wa makampuni, na wengi wakawajibu kwa hisani.

Walipofika Santa Barbara kwenye mashindano, waliona maji yanaingia ndani ya sanduku. Wakati wa kuunda jingine haukuwapo. Santillan akatoa shauri la kutia ndani pamba wanazotumia wanawake, kwa kuwa zimetengenezwa kufyonza. Wengine wangeona haya, yeye akaenda dukani akanunua. Usiku ule Vazquez alikesha akilehemu nyaya upya. Kulipokucha chombo kikashuka na kufanya kazi, ikiwamo kunyonya maji kutoka ndani ya pipa lililozamishwa. Mwishowe hesabu zikatoka: wa kwanza ni Carl Hayden, na wa pili ni chuo cha MIT, mashuhuri duniani kote kwa uhandisi.

Baada ya ushindi

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa hadithi tamu tu ya kuwalazia watoto. Lakini mwaka 2006 wapiga kura wa Arizona walipitisha sheria kwamba mwanafunzi asiye na hati asilipe ada ya chuo kama mkaazi wa jimbo, bali alipe ada kubwa ya mgeni. Arcega, aliyekwisha kuingia chuo kikuu, akaacha masomo. Santillan na Aranda walishika kazi ya upishi. Vazquez alivumilia, akapata shahada ya uhandisi mwaka 2009, kisha akarudi Mexico kwa hiari yake ili aombe hati kwa njia ya halali. Jawabu lilikuwa kupigwa marufuku kuingia Marekani kwa miaka 10! Marufuku ile iliondolewa mwaka 2010, na baadaye akaingia katika jeshi la nchi ile ile iliyomfukuza, akapelekwa Afghanistan.

Zingatia, ndugu msomaji. Mayatima wa Baghdad waliachwa na baba ambaye sifa yake ya mwanzo haikuwa njema, lakini mwenye mamlaka hakuwafungia mlango kwa sababu hiyo. Aliwapa nafasi ya kusoma. Leo bado twataja vyombo vyao. Vijana wa Phoenix walitoa dalili ya wazi kama ile, mbele ya waamuzi na mahasimu, na mlango ukafungwa usoni mwao. Hasara si yao peke yao. Nani ajuaye Arcega angaliunda nini?

Wala tusiwanyooshee kidole watu wa mbali tu. Katika kila mtaa wetu yupo mtoto anayefungua redio mbovu na kuifunga ikalia, na mzazi humkemea kuwa anaharibu vitu. Yupo mwanafunzi mwerevu anayekaa nyumbani kwa kukosa ada, na wapo jamaa wenye uwezo wanaopita mlangoni pake kila siku. Mtoto wa namna hii hahitaji mengi. Apate vyombo vichache, mwalimu asiyemcheka anapouliza, na mlango usiofungwa kwa sababu ya asili yake. Mabomba ya plastiki yapo katika kila duka. Wa kumfungulia mlango ndiye sisi.

Wabillahi tawfiq.