Dira ya Mtu wa Nchi Kavu

Sisi Wasukuma tuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii sana: jina letu lenyewe ni upande wa dira. Sukuma maana yake ni kaskazini. Jirani zetu Wanyamwezi ndio waliotuita hivyo, kwa kuwa kwao sisi tuko kaskazini. Kusini ni dakama, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Mtoto wa Migato huzijua pande hizi nne kabla hajajua kuhesabu, kwa sababu ndizo anazotumwa nazo nyuma ya ng'ombe. Haambiwi "pita kushoto", maana kushoto hubadilika kila mtu anapogeuka. Huambiwa "wapeleke kiya", naye huenda kiya.

Guku wangu, yaani babu, aliongeza elimu nyingine juu ya hiyo. Alikuwa akikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kikipanda mashariki mapema usiku mwezi Novemba, ndipo akasema jembe lisikae bure. Watu wa pwani nao wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima wa bara na baharia wa pwani hawakuwahi kukutana, lakini walisoma kitabu kimoja, nacho kiko angani.

Nayasema haya ili msomaji aelewe ni kwa nini mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu wa pamba na ng'ombe, alijikuta mwaka 2011 ameketi kwenye tezi ya mashua ya tanga katika Ghuba ya Speke, akijifunza mashine ya GPS yenye ramani. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, unagusa Ziwa Victoria upande wa Busega. Huko ndiko alikokuwa mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye alisafirisha mahindi na chumvi kwenda Ukerewe na kurudi na machungwa na mihogo. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali alimletea mashine hiyo, kwa kuwa macho ya mzee yalianza kuingia ukungu. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Mjomba akaniita: "Mpwa wangu, wewe umesomesha watoto ramani miaka yote. Njoo uisomeshe na hii."

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote, nilitaka kujua mashine hii ni mtoto wa nani. Ukoo wake ni mrefu.

Katika karne ya 15, Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi kutoka Julfar katika Ghuba ya Uajemi, aliandika elimu ya kusafiri katika Bahari ya Hindi, ikiwemo njia ya kuja pwani yetu hadi Sofala. Mabaharia wa wakati wake walitumia kamali, yaani kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Baharia hushika fundo kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya jicho, akapima nyota imepanda kiasi gani juu ya upeo wa macho. Kipimo chao kilikuwa kidole. Nyota iliyopendwa kuliko zote ni ile ya kaskazini, kwa kuwa haihami. Lakini ukivuka ikweta kuja kusini, nyota hiyo huzama. Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini, na Migato kadhalika. Huku kwetu haionekani kabisa. Manahodha wale iliwabidi wajifunze nyota nyingine za kupimia.

Ni Malindi hiyo hiyo ambako Vasco da Gama alipata rubani mwezi Aprili 1498. Aling'oa nanga tarehe 24, na kufikia Mei 20 alikuwa mbele ya pwani ya Calicut, India. Kwa muda mrefu vitabu vilisema rubani huyo ni Ibn Majid mwenyewe. Siku hizi wanahistoria wengi hawakubali. Wanamdhania kuwa Mgujarati. Liangalie jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Jina la aliyeongozwa linajulikana dunia nzima, na jina la aliyeongoza tunalibishania mpaka leo.

Kisa cha ziwa letu hakina tofauti. Speke alilifikia mahali ilipo Mwanza ya leo tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi, huku Burton amebaki Tabora akiugua. Alisema hiki ndicho chanzo cha Nile, na wakubwa wenzake wakambishia. Wengine wakadai si ziwa moja bali ni mengi. Mwaka 1875 Stanley alipita Usukuma akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande na kubebwa mabegani mwa watu kutoka pwani. Aliuona mto wetu Simiyu na kuuhesabu kuwa chimbuko la mbali la Nile upande wa kusini. Tarehe 8 Machi aliondoka Kageyi, akalizunguka ziwa lote kwa karibu miezi miwili, na kuthibitisha kuwa ni moja. Ramani ilichorwa kwa jina lake. Mabega yaliyobeba mashua hayamo kwenye ramani.

Baada yake walikuja wapimaji wa kina. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, afisa wa majini wa Uingereza, Commander Whitehouse, alipima ziwa kwa ajili ya meli zitakazounganishwa na reli ya Uganda, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Kazi yao ilifanywa kwa kamba na risasi: unatupa, unasikia imegusa, unasoma fundo, unaandika. Kila tarakimu ya kina katika ramani ya namna hiyo ni mkono wa mtu uliolowa maji.

Sasa nije kwenye mashine. Mwaka 1957 Warusi waliporusha Sputnik, wanasayansi wa Marekani waliisikiliza redio yake na kugundua kwamba kwa mabadiliko ya sauti ile wangeweza kujua setilaiti iko wapi. Kisha wakageuza swali: ukijua setilaiti iko wapi, unaweza kujua wewe uko wapi. Setilaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa mwaka 1978, kwa matumizi ya jeshi. Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia anga la Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Siku chache baadaye serikali ya Marekani ilitangaza kuwa mfumo huo utakapokamilika, raia wa dunia nzima watautumia. Ulikamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24. Hata hivyo raia walipewa ishara iliyovurugwa makusudi, yenye kukosea kiasi cha mita 100, hadi Mei 2000 uvurugaji huo ulipoondolewa.

Siri yake ni saa. Zamani mabaharia walishindwa kujua longitudo mpaka Mwingereza John Harrison alipotengeneza, katika karne ya 18, saa isiyopotea baharini. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo karibu na ikweta, saa ikikosea sekunde nne tu, chombo kimekosea maili moja ya bahari. Setilaiti nazo, kilometa 20,200 juu yetu, ni saa zinazotangaza wakati. Mashine husikiliza zisizopungua nne, hupima kila sauti imechelewa kiasi gani, na kwa kuchelewa huko hupata umbali. Mwanga hukata mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo hapo hapana nafasi ya uzembe.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa na mambo matatu.

La kwanza ni upepo. Mashine huchora mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi uendako, nao ni mstari wa mtu mwenye injini. Tanga haliendi dhidi ya upepo. Hupiga mbisho, huku na huku, kama mtu anayepanda kilima kikali. Pia kile kialama cha chombo kwenye kioo huonyesha mashua inakokwenda, na pengine omo yake inatazama kwingine kwa kuwa upepo unaisukuma ubavuni. Mjomba alipoelezwa hilo alicheka: "Hilo hata mtumbwi unalijua."

La pili ni vipimo. Nilikuwa na karatasi ya zamani ya ramani ya Tanzania, iliyochorwa kwa mfumo uitwao Arc 1960. Mashine hutumia mfumo wa dunia nzima, WGS 84. Nilisimama mahali ninapopajua kwenye karatasi nikalinganisha. Mifumo hii miwili hutofautiana kwa karibu mita 300 katika nchi yetu, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Zote mbili zinasema kweli, ila kila moja inaanza kuhesabu mahali pake. Mita 300 shambani ni jirani; ziwani usiku ni mwamba.

La tatu ndilo lililonifanya niandike insha hii. Ndani ya ghuba, karibu na ufuko, kioo kilionyesha rangi ya buluu tupu. Hakuna tarakimu, hakuna alama. Mjomba, akiwa na macho yake yenye ukungu, aliuliza tumefika usawa wa mlima gani. Nikamwambia. Akasema, "Peleka usukani ng'weli kidogo. Hapo chini kuna jiwe." Nikatazama kioo: buluu. Nikatazama maji: hakuna kitu. Tulipopita aliteremsha upondo, nao ukagonga jiwe kwa sauti niliyoisikia miguuni.

Alilijuaje? Ziwa hili hupanda na kushuka. Mvua za mwaka 1961 hadi 1964 zililiinua zaidi ya mita mbili, na mwaka 2006 lilishuka mno, hata magati mengine yakabaki juu ya tope. Mwaka ule wa ukame, wakati wengine wakilalamika, mjomba alizunguka ghuba yake na kuyatazama mawe yaliyojitokeza. Aliyapa majina: Mgongo wa Ng'ombe, Jiko la Mama, Wakwe Wawili. Maji yaliporudi yakayafunika, naye akabaki nayo kichwani. Waliokuja na kamba na risasi walitafuta njia za meli. Hakuna aliyewatuma kupima vijia vya mashua ya mihogo.

Basi tukaanza kazi ya kweli. Msimu mzima, kila safari, yeye alielekeza na mimi nikabonyeza kitufe cha kuweka alama. Jiwe moja, nukta moja. Mashine ilikubali herufi chache tu, kwa hiyo Wakwe Wawili waligeuka WAKWE. Jioni nilinakili zote katika daftari la mistari: latitudo, longitudo, jina kamili, mlima unaoonekana nyuma yake, na mwezi. Zilifika 34. Hapana shaka kwamba tulikuwa tukishindana na macho yake, ingawa hakuna aliyelitamka jambo hilo.

Miaka miwili baadaye mashine iliharibika, na fundi mmoja mjini, katika kuitengeneza, akafuta kumbukumbu yote. Ilirudi inawaka vizuri, kioo buluu tupu. Kwa wakati huo mjomba alikuwa haoni hata mkono wake. Mjukuu wake aliketi na daftari siku nzima akaziingiza alama 34 upya, moja baada ya nyingine, huku mzee akimsikiliza akisoma majina na kumrekebisha matamshi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena likakaribia kile kiwango cha 1964, na mawe yale yakazama zaidi. Mzee alikuwa ameshatutoka. Mjukuu anaendesha mashua.

Wapo wazee wanaosema mashine hizi zitaua elimu ya zamani, na wapo vijana wanaosema elimu ya zamani ni hadithi tu. Mimi sikubaliani na upande wowote. Mashine inajua ulipo, haijui kilichopo. Ulipo huteremka kutoka angani, na siku hizi tunapewa bure, kwa usahihi ambao Ibn Majid angeuonea wivu. Kilichopo hakiteremki kutoka popote. Lazima mtu awe amepita, ameona, amekumbuka, na amepata wa kumwambia. Rubani wa Malindi alikuwa navyo vyote vitatu vya mwanzo, lakini jina lake halikuandikwa na mtu wa kwao, na ndiyo maana leo tunabishana.

Hata Migato isiyo na ziwa ina mawe yake ya chini ya maji: visima vya zamani vilivyofukiwa, mipaka ya malisho, makaburi yasiyo na alama, vijito vinavyofurika mara moja katika miaka ishirini. Wanaovijua wana macho yenye ukungu. Daftari la mistari lauzwa katika kila duka la kijiji, na kalamu pia.