Santuri za Bluzi na Majina ya Kubahatisha

Kwenye santuri za bluzi zilizotengenezwa Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lebo ilibeba jina la mwimbaji au la bendi. Mpiga harmonika aliyemsindikiza alipokea ujira wake, na mara nyingi jina lake halikuandikwa popote. Ndiyo maana Waingereza John Godrich na Robert Dixon, walipochapisha orodha yao ya rekodi hizo mwaka 1964, waliyawekea shaka majina mengi. Hoja yangu ni kwamba shaka hiyo ina faida kuliko jina la kubahatisha. Hata jina lililochapwa laweza kupotosha: mpiga harmonika John Lee Williamson wa Tennessee alianza kurekodi mwaka 1937 kama Sonny Boy Williamson, akauawa Chicago mwaka 1948. Mpiga harmonika mwingine, Rice Miller, aliyelitumia jina hilohilo redioni Helena, Arkansas, tangu 1941, alidai kuwa ndiye mwenyewe wa asili, ilhali santuri zake za kwanza ni za 1951.

Wapo watakaosema kampuni za santuri hazikuwajali wanamuziki weusi, hivyo kauli za wazee wenyewe ndizo nyaraka zetu. Ni kweli, na kauli hizo lazima zisikilizwe. Lakini shahidi husikilizwa kisha hupimwa. Mpiga harmonika Walter Horton alisimulia kwamba alipiga katika rekodi za bendi ya Memphis Jug Band za mwaka 1927. Wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka kumi, na harmonika ya bendi ilikuwa mikononi mwa kiongozi wake, Will Shade. Simulizi hiyo yastahili kuhifadhiwa kama kauli ya Horton. Kuigeuza orodha ya wapigaji ni kumpokonya Shade kazi yake.

Wengine hutegemea sikio: fundi, wanasema, hujulikana kwa pumzi yake. Tatizo ni kwamba vijana wa Chicago walimwiga John Lee Williamson kwa makusudi, na baada ya santuri ya “Juke” ya Little Walter ya 1952 wengi wakaufuata mlio wake wa harmonika na maikrofoni ndani ya viganja. Kuijua bendi nako hakutoshi, kwani Little Walter alipoiacha bendi ya mwimbaji Muddy Waters, kampuni ya santuri ya Chess iliendelea kumwita studio kurekodi nayo. Sikio linaweza kupendekeza jina. Kulithibitisha ni kazi ya daftari la studio na tarehe. Jina likishachapwa kama hakika, hunakiliwa toleo hadi toleo, na anayestahili sifa hatafutwi tena.