Uchomeleaji mzingo

Basi linalopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni hukata kona baada ya kona. Mlima umekaa palepale. Basi ndilo linalouzinga. Picha hiyo ndiyo ninayompa mwanafunzi wa weldingi anaponiuliza kuhusu mashine ya kuunga mabomba ya stenlesi, iliyoanzia viwanda vya ndege vya Marekani miaka ya 1960. Bomba halizungushwi. Kichwa cha mashine hulikumbatia, na sindano ya tangisteni hulizunguka na moto wake, ndani ya gesi ya agoni, mpaka irudi ilipoanzia.

Wapo wanaosema “uchomeleaji wa mzunguko”. Jina hilo halisemi kinachozunguka ni nini, na fundi aliyezoea kulizungusha bomba juu ya roli ataelewa kinyume. “Obiti” nayo humrusha msikilizaji kwenye sayari. Mimi nasema uchomeleaji mzingo. Mzingo tumeujua tangu hesabu za shule ya msingi, na kitenzi zinga, ndugu wa zingira na mazingira, kinataka kitu kikae katikati na kingine kikizunguke.

Huku Usambara, kwenye ng'ombe wa maziwa katika vitongoji vingi, uchomeleaji huu unatuhusu. Maziwa hupita kwenye stenlesi, na penye mkwaruzo ndani ya kiungo ndipo yanapoganda na kuchacha, hata bomba lisafishwe vipi.

Katika kituo kimoja cha maziwa nilimkuta fundi ameshika tochi na kioo kidogo cha mpini, akikagua kiungo. Maelekezo yake, yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, yalisema kasoro iko “saa sita”. Akatazama juu, maana saa sita mishale yote miwili imesimama juu. Hakuona kitu. Aliyeandika alikusudia namba 6 ya uso wa saa, yaani chini kabisa, mahali ambapo Mswahili husoma saa kumi na mbili. Tafsiri ya maneno mawili ilikuwa imemgeuzia bomba juu chini.

Na mahali pa kasoro ndipo penye jibu la chanzo chake. Chini, chuma kilichoyeyuka huvutwa na uzito wake kwenda nje, ndani pakabaki mfereji; juu, huning'inia kuingia ndani. Kasoro ikizidi kuelekea mwisho wa mzingo, shaka ni joto: bomba limeshapata moto, kwa hiyo umeme hupunguzwa hatua kwa hatua. Ukuta wa milimita 1.65 huanza kwa takriban ampea 65. Ukiziacha hivyo mpaka mwisho, moto utapenya kupita kiasi. Rangi ya bluu au nyeusi ndani ya mzingo wote ni dalili ya oksijeni: hewa haikufukuzwa vizuri kwa agoni. Mshono ukihamia upande mmoja katika mzingo wote, ingawa sindano imekaa sawa, angalia vyeti vya mabomba yenyewe. Yakitofautiana sana kwa salfa, chuma kilichoyeyuka hukimbilia lenye salfa kidogo.

Saa nimeiacha kabisa katika maandishi yangu. Naandika tumboni mwa bomba, mgongoni, ubavuni, na ubavu nautaja kwa upande aliosimama fundi. Yule wa kituoni nilimwambia “tumboni”. Akakigeuza kioo, akauona mfereji.