Waliokimbia vita na afya ya akili: nini husaidia, nini hudhuru

Mtu anapofika akiwa amekimbia vita, tunauliza kwanza kama amekula, kama ana pa kulala, kama ameumia. Ni maswali ya lazima. Wengine, hata wakipata chakula na hema, bado hawalali, wanashtuka mlango ukigongwa, au wanakaa siku nzima bila kusema neno. Makala hii inaeleza kinachowapata, wanavyosaidiwa, na wewe msikilizaji unaweza kufanya nini.

Ni akina nani?

Kutoka hapa Kinyerezi, Dar es Salaam, hadi makambi ya Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,000. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Mwaka 2015 ghasia za kisiasa za Burundi zilileta wimbi jingine, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Kuna watu waliozaliwa Nyarugusu ambao leo wana watoto wao humo humo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona na wasiwasi hadi magonjwa makubwa ya akili. Maana yake ni kwamba wengi hawaugui, ila walio wagonjwa ni wengi kuliko mahali penye amani.

Huzuni au ugonjwa?

Kulia, kukosa usingizi, kuota ndoto mbaya na kuogopa katika wiki za mwanzo ni kawaida kwa mtu aliyepoteza ndugu na nyumba. Kwa wengi hali hupungua wakipata usalama na habari za jamaa zao.

Mpeleke kituo cha afya ikiwa:
- mwezi umepita na hali haipungui, au inazidi;
- hali chakula, haogi, hawezi kazi wala kulea watoto;
- anasikia sauti au anaona vitu ambavyo wengine hawavioni;
- anakunywa pombe kupita kiasi ili asahau;
- anazungumzia kufa au kujiua. Hapo usisubiri hata siku moja.

Huduma hutolewaje?

Mwaka 2007 mashirika ya misaada yalikubaliana juu ya mwongozo mmoja unaopanga huduma kwa ngazi nne. Ya chini kabisa ni usalama, maji, chakula na makazi vinavyotolewa kwa heshima. Mama anayeogopa kwenda chooni usiku hataponywa na ushauri peke yake, anahitaji pia taa na choo cha karibu. Ngazi ya pili ni familia na jamii: kutafuta ndugu waliopotezana, shule, ibada, michezo ya watoto. Ya tatu ni ushauri kutoka kwa watu waliofundishwa. Ya nne, kwa wachache, ni matibabu ya daktari au muuguzi, pamoja na dawa. Katika ngazi hii hutibiwa pia kifafa, ambacho wengi bado hukiita laana.

Madaktari wa akili ni wachache, kwa hiyo wakimbizi wenyewe hufundishwa kuhudumia wenzao. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wakimbizi waliofundishwa unasihi waliwasaidia wenzao kutoka Rwanda na Somalia kupunguza kiwewe. Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine, wa kaskazini mwa Uganda. Wanawake wa Sudan Kusini walikaa katika vikundi wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, na miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua. Sisi watu wa redio hilo lilitupa moyo.

Wewe ufanye nini?

Huenda umempokea ndugu au jirani aliyekimbia. Kuna hatua tatu zinazofundishwa duniani kote: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama yuko salama na anahitaji nini sasa. Sikiliza akitaka kusema. Muunganishe na ndugu zake, viongozi na huduma.

Mambo ya kuepuka:
- Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona. Kumchimba maswali kunaweza kumwongezea maumivu.
- Usimwambie "sahau" wala "wenzako wamepata makubwa zaidi".
- Usimchape mtoto aliyeanza kukojoa kitandani. Ni hofu, si ukorofi. Mpe utulivu na ratiba ya kila siku.
- Usimnunulie dawa za usingizi dukani bila kuandikiwa na mganga. Zinaweza kumfanya azizoee na kushindwa kuziacha.
- Usimfunge kamba wala kumficha ndani.

Ukihofia anataka kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, na ondoa karibu yake sumu za shambani na dawa za mifugo.

Aanzie wapi?

Si lazima aanzie Mirembe, Dodoma, ambako wengi hudhani ndiko kwenye tiba pekee. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na akihitaji zaidi atapewa rufaa. Aliye kambini amwone mhudumu wa afya wa jamii katika eneo lake.

Hata mtaani kwetu mtu husema "amerogwa" kabla ya kuuliza mwenzake amelala saa ngapi. Familia ikitaka kumwombea, imwombee, na kliniki aende pia. Anayemaliza dawa zake na kurudi tarehe aliyopangiwa ana nafasi nzuri ya kurudi shambani, sokoni na kwa watoto wake.