Mbao laini katika nyumba za Maskati: ipi nje, ipi ndani

Wazee wetu wa Unguja, Lamu na Maskati walijenga dari kwa boriti za mikoko na milango kwa msaji. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi cha mita 3. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi, na msaji leo ni ghali. Ndiyo maana fundi wa siku hizi aghalabu huleta mbao laini, na mwenye nyumba hana budi kuzijua.

Maana yake

Mbao laini hutokana na miti yenye majani kama sindano au magamba na matunda ya koni: msonobari, sprusi, mwerezi. Jina halipimi ugumu, kwani hata balsa, iliyo nyepesi mno, huhesabiwa mbao ngumu. Oman nayo ina mti wa jamii hii, mreteni wa Jabal Akhdhar. Hukua polepole sana, basi tuuache mlimani.

Nje

Maadui ni watatu: jua, unyevu wa bahari na mchwa. Kwa kivuli cha baraza au uzio, chagua msonobari uliotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Dawa ya kupaka kwa brashi haifiki ndani. Msonobari hunywa dawa vizuri, sprusi huikataa. Fundi akikata ubao, ncha ipakwe dawa upya. Nguzo isimame juu ya kitako cha chuma au zege, isiguse udongo.

Mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini hustahimili kuoza bila dawa, lakini misumari ya kawaida huutia madoa meusi. Tumia ya chuma kisichoshika kutu. Rangi iwe nyepesi: rangi nzito huvuta joto na kuutoa utomvu kwenye mafundo.

Ndani

Hapa mchezo ni wa kiyoyozi, kinachokausha hewa na kuufanya ubao usinyae. Nunua mbao zilizokaushwa kwa tanuri, kisha ziache siku kadhaa katika chumba chenyewe, kiyoyozi kikiwaka, kabla ya kukatwa. Sprusi na msonobari hufaa kwa dari, makabati na kuta za majlisi. Kwa sakafu hubonyea upesi.

Tahadhari

Vipande vilivyotiwa dawa visichomwe kamwe, wala visiokee mishikaki. Baadhi ya dawa, hasa za zamani, zina arseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Fundi anayezikata avae barakoa.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo matatu: ni mti gani, umekaushwa vipi, na umetiwa dawa ya nini. Asiyeweza kujibu, usimwachie paa la watoto wako.