Maua ya kikuba na joto la kaskazi



Kaskazi iliyopita alikuja kwetu bi harusi pamoja na bibi yake kujaribu gauni. Gauni lilimkaa vizuri, alhamdulillah. Shida ilikuwa kikuba. Msichana alishanunua cha maua ya kitambaa, kimepuliziwa marashi ya chupa. Bibi alikishika, akakinusa, akakirudisha mezani bila ya neno. Kisha akatuuliza sisi: "Wanangu, kilua siku hizi hakipatikani?"

Tulizunguka siku mbili, kuanzia Darajani hadi mashamba. Tukarudi na asumini, mrehani na langilangi, lakini kilua hatukukiona. Na tuliona haya, maana mkilua tulikuwa nao wenyewe uani, ndani ya pipa, ukafa mwezi wa Februari mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo tulipoanza kuwauliza wazee na kusoma habari za mimea hii. Tumeona tukusimulieni, kwa sababu kila anayefungiwa kikuba kifuani anabeba safari za bahari ambazo hajawahi kuambiwa.

Kwanza huo upepo. Kaskazi inavuma tangu Disemba hadi Machi, na ndiyo inayotutoa jasho mpaka vipodozi havikai usoni. Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, nayo kusi ikayarudisha. Mimea mingi ya kikuba ilitoka upande huo. Asumini asili yake ni Bara Hindi, jina lake ni la Kiajemi lililopita kwa Waarabu kabla ya kufika ulimini mwetu. Mrehani tunaujua wote kwa jina la raihani lililomo katika Surat Ar-Rahman, na wanavyuoni wanaeleza kuwa neno hilo linakusanya mimea yenye harufu nzuri.

Mkadi watu wengi huudhani kuwa ni aina ya mtende au mnazi kwa majani yake marefu yenye miba. Siyo. Ni mti wa ukoo wake wenyewe, na una dume na jike. Yale majani meupe yanayonukia, tunayoyakata vipande tukatia kikubani, hutoka kwenye ua la mti dume. Jike huzaa tunda linalofanana na nanasi. Jirani yetu aliutunza mkadi miaka mingi akisubiri harufu, kumbe analea jike. Tulimcheka, kisha tukamwonea huruma.

Langilangi imetoka mbali zaidi, Ufilipino na Indonesia. Wafaransa waliipanda katika visiwa vya Bahari ya Hindi kwa ajili ya viwanda vya manukato, na mpaka leo Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Kwa hiyo chupa ya bei ghali iliyotoka Paris huenda ina jasho la mwanamke wa Nzuwani ndani yake.

Na hata mnazi ni mgeni. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya zaidi ya minazi 1,300 ya duniani. Waliona makundi mawili makubwa, la Pasifiki na la Bahari ya Hindi, na kwamba upande wetu, pamoja na Madagaska, damu hizo mbili zimechanganyika. Mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki waliokuja Madagaska walikuwa na nazi chomboni.

Aliyezaliwa hapa ni kilua. Mkilua ni kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Mwingereza, Bernard Verdcourt, aliutangaza katika vitabu vya sayansi, na jina alilolitumia ni lile lile letu: Mkilua. Kwa hiyo duniani kote wataalamu wanauita kwa Kiswahili. Ukoo wake ni mmoja na langilangi, na pia mstafeli na mtopetope. Sisi tulipolisoma hili tulifurahi kama tumesikia harusi ya mtu wa kwetu.

Sasa, nani aliyekuwa akiinywesha mimea hii maji? Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja, mashamba ya mikarafuu na minazi yalienea, na waliolima walikuwa watumwa. Bet il Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, ilikuwa nyumba ya wanawake wengi, na nyuma yao walikuwapo watumishi ambao hawakuchagua kuwapo. Seyyid Barghash alitengeneza bustani pale Vuga kwa ajili ya wanawake wa jumba lake, na akaleta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Kabla ya hapo ni visima na mitungi. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria 1897. Tukisifu maua ya zamani tusimsahau aliyebeba mtungi.

Barghash huyo huyo hakuwa ametimiza miaka miwili kitini ilipokuja dhoruba ya tarehe 15 Aprili 1872. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Vitabu vinahesabu karafuu na nazi kwa sababu ndizo zilizokuwa na ushuru, lakini mnazi ukianguka na kivuli chake kinaondoka, na mnazi mrefu mpya hutaka miaka sita au saba mpaka uzae.

Hicho kivuli ndicho kilichoua mkilua wetu, maana hatukuupa. Yule bibi alituuliza maswali matatu tu. Pipa lilikuwa wapi? Juu ya saruji, juani. Maji mlitia saa ngapi? Adhuhuri, tukiuona umenyong'onyea. Maji ya wapi? Ya kisima, yana chumvi kidogo. Akatikisa kichwa. Mti wa msituni, alisema, mmeupika.

Alituelekeza hivi. Mkilua upandwe ardhini chini ya mnazi, jua liufikie kwa kuchujwa na makuti. Shimoni yatangulie makumbi yaliyolowekwa, kwa kuwa yanashika maji kama sifongo, na juu ya udongo yafunikwe makuti makavu, ila yasigusane na shina. Maji ni baada ya alfajiri. Jioni wakati wa unyevu mwingi majani hulala mabichi na kuota ukungu. Asumini ni kinyume chake: huo unataka jua na kupogolewa, na vifumba vyake vichumwe alasiri ili vifunguke usiku bi harusi akiwa amekaa. Na mnazi mchanga usifukiwe moyo wake kwa udongo. Mnazi una kichipukizi kimoja tu juu. Kikioza, au chonga akikitoboa, mti wote umekwenda.

Harusi ilifanyika. Bibi alikifunga kikuba mwenyewe kwa uzi mweupe, mrehani nyuma, asumini katikati, langilangi pembeni, na nafasi ya kilua akaiacha wazi makusudi. Kile cha kitambaa kilibaki dukani kwetu.

Tumepata miche miwili ya mkilua na tumeipanda kwa jirani mwenye minazi, yule wa mkadi jike. Imeshapita kaskazi moja. Mmoja umetoa majani mapya manne, wa pili tunauangalia kila asubuhi.