Jenerali Çevik Bir: Kamanda wa Mogadishu aliyeamrisha bila kusikilizwa

Kila tarehe 28 Februari ikiwadia, Waturuki hutonesha upya kidonda cha mwaka 1997, majenerali walipomwondoa Waziri Mkuu wao bila kufyatua hata risasi moja. Katika mjadala huo jina la Jenerali Çevik Bir halikosi kutajwa. Kwao ni mtu wa mapinduzi, basi. Lakini miaka minne kabla ya hapo jenerali huyo huyo alikuwa jirani yetu. Alikaa Mogadishu akiwa kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa, na moto uliowaka jijini humo katika muda wake uliteketeza maisha ya waandishi wa habari kutoka Nairobi. Sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na ndiyo tuliyoisahau.

Bir alizaliwa mwaka 1939 Buca, katika mkoa wa İzmir. Alihitimu chuo cha kijeshi mwaka 1958, akapanda vyeo hadi Luteni Jenerali. Aprili 1993 alifika Somalia kuongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNOSOM II, na tarehe 4 Mei majeshi yaliyokuwa yakiongozwa na Marekani yakamkabidhi rasmi jukumu. Azimio namba 814 la Baraza la Usalama lilikuwa limeruhusu kikosi cha hadi watu 28,000, likakipa na kazi ya kuwanyang'anya wapiganaji silaha, hata kwa nguvu ikibidi.

Mwezi mmoja tu ulitosha. Tarehe 5 Juni, Wapakistani waliokwenda kukagua maghala ya silaha ya mbabe wa vita Jenerali Mohamed Farah Aidid walishambuliwa, 24 wakauawa. Kesho yake Baraza la Usalama likataka wahusika wakamatwe, na Aidid akaanza kusakwa mtaa kwa mtaa.

Hapo ndipo kamanda alipogundua kwamba jeshi alilopewa halikuwa lake. Naibu wake, Meja Jenerali Thomas Montgomery, alikuwa pia mkuu wa askari wa Marekani nchini Somalia, kwa hiyo alikuwa na mabwana wawili. Kikosi cha Kimarekani kilichosubiri kushambulia kwa dharura hakikuwa chini ya amri ya Bir. Na Waitaliano, waliowahi kuitawala Somalia ya kusini, walikuja na mawazo yao wenyewe kuhusu namna ya kuishi na Wasomali.

Ugomvi na Waitaliano ndio ulioivua UNOSOM nguo hadharani. Tarehe 2 Julai, wanajeshi watatu wa Italia waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani karibu na kiwanda kilichoachwa cha tambi. Makao makuu yalitaka eneo lile litwaliwe kwa nguvu. Kamanda wa Waitaliano, Jenerali Bruno Loi, alichagua kuzungumza na wazee, na siku chache baadaye askari wake wakarudi pale kwa mapatano. Kwa Loi, damu ilikuwa imeepukwa. Kwa makao makuu, ofisa wa chini alikuwa amekaidi amri, na lawama zikaenea kwamba Waitaliano wanaongea na adui kichinichini. Katikati ya Julai Umoja wa Mataifa, kupitia Kofi Annan aliyekuwa mkuu wa operesheni za amani, uliitaka Italia imwondoe Loi. Roma ikakataa. Mwishowe Waitaliano waliondolewa Mogadishu wakapelekwa nje ya jiji. Wanigeria walipokuja kupokea kizuizi kile Septemba 5, walishambuliwa, na saba kati yao hawakurudi.

Nani alikuwa na haki? Ukiyatazama yaliyotokea tarehe 12 Julai, ni vigumu kumlaumu Loi. Asubuhi hiyo helikopta za Marekani zilirusha makombora kwenye nyumba moja ya Mogadishu ambamo wazee na watu mashuhuri wa Habar Gidir, ukoo wa Aidid, walikuwa wamekutana. Umoja wa Mataifa ulisema waliokufa ni 20. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu 54. Waandishi waliokimbilia pale kupiga picha waliangukiwa na hasira za umati: Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya, pamoja na Dan Eldon aliyekulia Nairobi na Mjerumani Hansi Krauss. Wote wanne waliuawa. Vijana wanaosoma uandishi wa habari leo wanapaswa kuyajua majina haya kwa moyo.

Oktoba 3 inajulikana dunia nzima kwa sababu ya filamu. Wamarekani 18 walikufa Mogadishu katika operesheni ya kuwasaka watu wa Aidid, iliyokuwa nje kabisa ya amri ya Bir, na bado ilibidi magari ya deraya ya Malaysia na vifaru vya Pakistan, vya Umoja wa Mataifa, viingie usiku kuwaokoa walionaswa. Mmalaysia mmoja alipoteza maisha katika uokoaji huo. Wasomali waliokufa walikuwa mamia. Januari 1994 Bir alikabidhi ukamanda akarejea nyumbani.

Hukumu ya kazi ile iliandikwa na Mwafrika. Baraza la Usalama liliunda tume ya uchunguzi, ikaongozwa na Jaji Mkuu wa Zambia, Matthew Ngulube, na ripoti yake ikatoka mwaka 1994. Ilisema bila kuficha kwamba kamanda hakuwa na udhibiti wa kweli juu ya vikosi kadhaa, kwa kuwa vilisubiri ruhusa ya serikali zao kabla ya kutekeleza amri. Ilitaka pia Wasomali wasio na hatia waliodhurika wafikiriwe fidia. Mimi naisoma kama ripoti inayompunguzia Bir mzigo bila kumsafisha: alikubali kubaki kwenye kiti ambacho miguu yake ilishikwa na watu wengine.

Kwao alikuwa na nguvu alizozikosa Mogadishu. Akiwa naibu mkuu wa majeshi, aliongoza shinikizo dhidi ya serikali ya Necmettin Erbakan. Februari 4, 1997 vifaru vilipita katikati ya mji wa Sincan, na Bir akasema jeshi limeifanyia demokrasia balansi, kama fundi afanyavyo magurudumu ya gari. Juni mwaka huo Erbakan alijiuzulu. Wanafunzi wa kike waliovaa hijabu walifungiwa milango ya vyuo vikuu. Bir alistaafu mwaka 1999, akakamatwa mwaka 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2018. Mei 2024 Rais Recep Tayyip Erdoğan, ambaye naye alifungwa mwaka 1999 katika upepo ule ule, alimfutia adhabu yeye na majenerali wenzake kwa sababu ya uzee na maradhi.

Uturuki yenyewe ilirudi Mogadishu kwa njia nyingine. Erdoğan alitua huko Agosti 2011 wakati wa njaa, na mwaka 2017 nchi yake ikafungua kambi kubwa ya kuwafunza askari wa Somalia.

Sisi pia tulienda. Waganda na Warundi waliingia mwaka 2007, Wakenya wakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika mwaka 2012, na katika miaka yote hiyo malalamiko yamekuwa yale yale: kila kikosi kina eneo lake na kinasikiliza mji mkuu wake. Januari 2025 kikosi kipya, AUSSOM, kilianza kazi, na askari wa Uganda na Kenya wamo. Ripoti ya Jaji Ngulube ipo katika kumbukumbu za Baraza la Usalama kwa namba S/1994/653. Wabunge wa Nairobi na Kampala waiombe, waisome, kisha wawaulize mawaziri wao wa ulinzi swali moja kabla bajeti nyingine haijapitishwa: huko Somalia, vijana wetu wanapokea amri ya nani?